Kaburi Nililomchagulia Adalbert

Mume wangu Adalbert sikumzika mimi. Alitoka nyumbani kwetu Katoyi, mtaa wa Goma, siku ya Jumatatu, mwezi wa kumi mwaka 2008, amevaa koti lake la kahawia, akaenda Rutshuru kuangalia maharagwe yetu shambani. Vita vilikuwa vimekaribia. Nilimwambia abaki, akacheka, akasema maharagwe yakikauka hayangoji majenerali wapatane. Hakurudi.

Baada ya majuma mawili alikuja dereva wa taksibisi, kijana wa watu anayeitwa Samy. Alivua kofia mlangoni, na mimi nikajua kabla hajaketi. Aliniambia Adalbert na watu wengine walipigwa risasi barabarani, kwamba hakuteseka, na kwamba watu wa pale walimzika haraka pembeni mwa shamba la mtu kabla ya kukimbia. Shamba gani, Samy hakujua. Na yeye alikuwa anakimbia.

Tulifanya matanga bila sanduku. Papa Onésime, mkubwa wa shirika letu, yaani zile familia za mtaa wetu zinazosali pamoja kila juma, alileta mabenchi ya kanisa kwenye chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, akisukuma mwenyewe na mgongo wake mbovu. Binti yangu Henriette aliweka kofia ya baba yake kwenye kiti, na watu waliokuja wakakipa kile kiti pole, mmoja mmoja, kama wangempa mkono yeye. Wema ule sijausahau. Lakini siku ya kutoa matanga, watu walipomaliza kunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na kurudi makwao, mimi nilibaki na kiti na kofia.

Kwetu Wakatoliki, tarehe mbili ya mwezi wa kumi na moja ni siku ya marehemu wote. Siku chache kabla yake kila familia hupanda makaburini kung'oa majani, kupanga upya mawe ya volkano yaliyoanguka, kupaka chokaa. Siku yenyewe padri hupita na maji ya baraka, na kila mtu husimama mbele ya wake. Mwaka uliofuata nilienda pamoja na wengine. Kila mtu alikuwa na mahali pa kusimama, mimi nikasimama njiani kama mtu anayengoja gari. Padri alinipita. Hakukosea. Angenyunyizia nini?

Juma moja baadaye nilirudi makaburini peke yangu. Huko chini, hatua nne kutoka ukutani, karibu na kisiki cha mkaratusi, niliona kaburi lisilo na mtu. Mawe yalikuwa yameanguka, halikuwa na msalaba, majani yamelifunika. Nilimuuliza mlinzi wa makaburi, kijana anayeniita koko, yaani bibi.

"Ile?" alisema. "Pale hakuna mutu anakuyaka, koko."

Nilikaa pale mpaka jua likawa kali. Nikasema moyoni, Mungu wangu, huyu hana mtu, na mimi sina kaburi. Nikaanza kung'oa majani.

Nilipoinua jiwe la kichwani ili nilikalishe vizuri, nilikuta chini yake kikombe cha bati, cheupe, chenye mstari wa buluu mdomoni, kimepinduliwa. Mkono wake ulikuwa umezungushiwa uzi mwekundu, kwa uangalifu sana, kama kazi ya mtu anayejua kufuma. Mtu hawezi kukitupa kikombe kama kile. Niliona hivyo, na bado nikajiambia ni takataka ya wapita njia. Nilikipeleka nyumbani, nikakiosha, kikawa kikombe changu cha kumwagilia maua.

Barabara ya Rutshuru ilipofunguka, Samy aliniletea nusu gunia la udongo mweusi wa kule, bila kumwomba mara mbili. Aliuweka kwenye kiti cha mbele, akasema abiria wote waliuliza huyu mheshimiwa anakwenda wapi. Mtu wa Goma anajua udongo ni kitu gani, sisi tunaoishi juu ya mawe. Niliumwaga juu ya lile kaburi, nikapanda maua ya njano. Kisha nikamwomba papa Onésime anitengenezee msalaba. Aliukata kutoka mlango wa zamani, akachovya brashi kwenye rangi nyeupe, akasita.

"Mama Henriette, banamupata muzee, mwili wake?"

"Papa, andika tu."

Aliniangalia kidogo, akaandika: ADALBERT. Hakuniuliza tena, wala hakumwambia mtu.

Sitadanganya, nilipata faraja pale. Kila Jumamosi nilipanda na kikombe na kibuyu cha maji, nikasali rozari, nikamwambia Adalbert habari za nyumbani: Henriette amepata kazi ya kufundisha, mvua imeingia jikoni, jirani amenisaidia kupanga mabati. Kabla ya hapo nilikuwa nasali kama mtu anayesoma barua isiyo yake. Pale kaburini maneno yalirudi kuwa yangu. Usingizi ulirudi pia. Siku ya marehemu ya mwaka 2010 padri alipofika mbele yangu, maji yalianguka juu ya yale maua ya njano, nikalia vizuri kwa mara ya kwanza.

Ndivyo nilivyokuwa mpaka mwezi wa kumi mwaka uliofuata, asubuhi moja nilipokuwa nachagua maharagwe mlangoni, nikasikia mtu anapiga hodi. Alikuwa mama mrefu, mwembamba, kitenge chake kimefuliwa mpaka maua yake yamefifia. Alisema anaitwa Mukamazimpaka, ametoka milima ya Masisi, na sasa anaishi mtaa wa Murara kwa mke wa kaka yake.

"Mulinzi wa makaburi ameniambia kuko koko moja mu Katoyi," alisema, "anajua makaburi kama jikoni yake."

"Amezidisha. Ingia ndani, mama, ukae. Utakunywa chai?"

"Miye niko Muprotestanti," alisema, akaangalia picha ya Bikira Maria ukutani. "Chai yenu haina maji ya baraka ndani?"

"Iko na sukari tu."

"Basi leta." Alitabasamu, na nikampenda pale pale.

Alikunywa nusu ya chai kabla ya kuanza. Mwaka 2008 walikuwa wamekimbilia kambini, yeye na binti yake Bénédicte, mtoto wake wa pekee, mwenye miaka kumi na sita. Kipindupindu kiliingia kambini. Siku mbili tu, Bénédicte akafa. Watu wema walimsaidia kumleta mjini kumzika, vijana wanne wakavunja jiwe kwa mtaimbo tangu asubuhi mpaka saa nane. Kesho yake milio ilisikika karibu, na ndugu zake wakampandisha kwenye lori la kwenda Uganda. Hakupata hata nafasi ya kutafuta ubao wa msalaba.

"Lakini fasi, mahali pale, nilishika mu kichwa," alisema. "Hatua ine toka ukutani. Kisiki ya mkaratusi. Na chini ya jiwe ya kichwa nilipindua kikombe yake, nyeupe. Nilifungaka uzi mwekundu ku mukono ya kile kikombe, juu chai ilikuwa inamuunguza vidole."

Kikombe kilikuwa dirishani. Hatua tatu nyuma yangu. Niliinuka kama mtu anayenyoosha mgongo, nikasimama mbele ya dirisha.

"Nimerudi Goma mwaka jana," aliendelea. "Nimeenda kule mara ine, mama. Nafika palepale, ukuta ni ule, kisiki ni kile. Lakini kuko musalaba ya muzee fulani, Adalbert. Na maua mazuri, na udongo muzuri. Nasema hapana, haiwezi kuwa hapa, huyu muzee iko na batu yake. Naanza kuhesabu ku ukuta ingine." Alikiweka kikombe cha chai chini. "Siku zingine nasema ni mi nimesahau. Mama gani anasahau fasi alizika mutoto?"

Mdomo wangu ulifunguka. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Tutatafuta, mama. Usilie, tutatafuta pamoja."

Alinishika mikono miwili, akanishukuru. Alikunja kitenge chake, akaenda. Alipotoka niliketi chini ya dirisha, na ule mkono wa uzi mwekundu ulikuwa juu ya kichwa changu.

Siku nne sikupanda makaburini. Nilijua jambo la kufanya, na nilijua bei yake: nikisema, sina tena mahali pa kusimama. Nitarudi njiani kungoja gari. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Papa Onésime hatasema. Mama wa watu ataendelea kuhesabu hatua kwenye kuta zingine mpaka achoke, na mimi Jumamosi nitapanda na maji yangu.

Nilijaribu kusali. Nilishika rozari, punje zikapita vidoleni kama maharagwe ninayoyachagua huku nikiwaza mambo mengine. Siku ya Alhamisi shirika lilikusanyika kwetu, na papa Onésime alipouliza nani ana nia ya kuombea, mama mmoja akasema tumwombee mkimbizi wa Masisi anayetafuta kaburi la mtoto wake. Kumbe habari ilikuwa imeenea. Watu wote walijibu kwa sauti. Mimi nilishindwa kujibu. Papa Onésime aliniangalia kutoka upande wa pili wa chumba, polepole, kama alivyoniangalia siku ile ya rangi nyeupe, kisha akainamisha kichwa. Hakunitaja. Na wema huo ulinichoma kuliko kama angenitaja.

Watu walipoondoka, Henriette alikuwa anapanga viti. "Mama," alisema, "weye unasali mudomo tu. Kuko nini?"

Nikamwambia yote. Alisimama na kiti mkononi. Nilidhani atasema, mama, baba alikuwa na haki ya kupata mahali. Alisema, "Na kikombe?"

"Iko dirishani."

Alikwenda akakichukua, akakiosha, akakifuta kwa kitambaa safi, akanipa.

Kesho yake asubuhi nilitembea mpaka Murara. Nilimkuta Mukamazimpaka uani, anaanika nguo. Aliponiona uso wake ulifunguka wote.

"Umeona kaburi!"

"Mama Béné," nilisema. Ni jina ambalo watu walikuwa wameacha kumwita tangu Bénédicte alipofariki. Alishtuka. Nilifungua kitambaa, nikampa kikombe.

Alikishika. Alipitisha kidole gumba juu ya uzi, mzunguko mmoja baada ya mwingine, kama anauhesabu. Nikamwambia Adalbert ni mume wangu. Nikamwambia hayupo pale, hajawahi kuwa pale, na msalaba ule uliomfukuza mara nne niliuweka mimi.

"Siku ile nilikunywa chai kwako," alisema, kidole bado kwenye uzi, "hii kikombe ilikuwa wapi?"

"Nyuma yangu."

"Nyuma yako."

"Ndiyo."

"Na ukaniambia tutatafuta."

"Ndiyo, mama."

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali. Alisema, "Rudi kwako, koko. Sikufukuzi kwa ubaya. Rudi tu."

Nilirudi kwa miguu, na njiani nilimwambia Mungu kitu ambacho sikuwahi kumwambia. Nilimwambia, sina tena mahali, nishikie wewe mtu wangu huko aliko. Nilisema tu hivyo, sikuwa na nguvu ya kuongeza. Ajabu ni kwamba nilipofika nyumbani nilitambua kwamba kwa miaka mitatu nilikuwa sijamwachia. Nilimwomba Mungu mambo mengi juu ya Adalbert, lakini nilimshikilia mwenyewe, kwa mawe na kwa maua, kana kwamba nikimwachia ataanguka.

Siku iliyofuata nilichukua gunia tupu, nikapanda makaburini kuondoa vitu vyangu. Kwanza niling'oa msalaba, nikaulaza pembeni. Kisha nikapiga magoti, nikaanza kukusanya udongo wa Rutshuru kwa mikono, kuurudisha kwenye gunia. Magoti yangu si ya kazi kama hiyo. Nilikuwa nimejaza robo tu niliposikia nyayo juu ya mawe.

Alikuwa Mama Béné, kikombe mkononi. Alisimama akiangalia ukuta, kisiki, kaburi. Alitembea mpaka ukutani, akageuka, akahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Mguu wake ulisimama pale pale. Alifumba macho.

"Sikusahau," alisema. Hakuwa anasema na mimi.

"Hukusahau. Hata kidogo."

Baada ya muda aliniona vizuri, na gunia, na mikono yangu myeusi. "Unafanya nini?"

"Natoa vitu vyangu, mama. Udongo, na ile musalaba. Maua nitakuachia kama unapenda."

"Ile udongo ni ya wapi? Hapa hakuna udongo ya hivi."

"Rutshuru. Ndiko alikofia."

Aliketi juu ya kisiki. Akaniuliza Adalbert alikuwa mtu gani. Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo kwa muda mrefu, kwa sababu wote wanaonizunguka walimjua. Nikamwambia alikuwa mchuuzi wa maharagwe asiyejua kunyamaza, kwamba alipika ugali mbaya na kusifu kila tonge, kwamba alibeba peremende mfukoni kwa ajili ya watoto wa wateja. Nikamwambia juu ya kofia kwenye kiti. Na yeye akaniambia juu ya Bénédicte, sauti ya pili katika kwaya yao, mtoto aliyecheka mpaka anakohoa.

"Kitu moja tu," alisema. "Aliogopaka kulala peke yake. Hata na miaka kumi na sita, alinifuata mu kitanda. Mu ile lori ya Uganda nililia juu ya hiyo. Sikulia juu amekufa, nililia juu nimemuacha peke yake mu mawe." Aligusa udongo kwa ncha ya kiatu chake. "Ulikuwa unakuyaka siku gani?"

"Kila Jumamosi."

"Unasema naye? Na muzee wako?"

"Ninasema sana. Habari za mabati, za Henriette, za bei ya mafuta ya mawese."

Akacheka, kisha akalia, kisha vyote viwili. "Basi Bénédicte anajua habari zote za Katoyi!"

Nilimwomba msamaha tena. Alitikisa kichwa, akapangusa pua kwa ncha ya kitenge.

"Miye nilikasirika, mama. Jana sikukula. Asubuhi nikasali, nikasema Bwana, huyu koko ameniibia kaburi. Halafu nikakumbuka: Yesu mwenyewe alilazwa mu kaburi ya mutu mwingine. Nikachukua kikombe, nikakuja."

Alinyanyuka, akashika gunia langu kwa chini, akaligeuza. Udongo wote ukamwagika tena juu ya kaburi.

"Acha hapo," alisema. "Maua yatakauka."

Tarehe mbili ilipofika, nilipanda na Henriette na watu wa shirika. Nilikuwa nimejiandaa kusimama njiani, na safari hii haikuniogopesha. Lakini papa Onésime alinivuta mkono. "Kuya uone kazi yangu," alisema. "Nimelazimishwa na Waprotestanti."

Mama Béné alikuwa pale, amevaa kitenge kipya. Msalaba ulikuwa umesimama tena kichwani mwa kaburi, ule ule wa mlango wa zamani, na juu yake rangi nyeupe bado mbichi: BÉNÉDICTE.

"Hakukuwa mbao ingine," alisema, kama mtu anayeomba radhi. "Na rangi ya kwanza ilikuwa nzuri, nikasema tusiharibu. Tumegeuza tu. Zunguka uone."

Nilizunguka. Upande wa nyuma jina la Adalbert lilikuwa bado pale, kama papa Onésime alivyoliandika.

"Hivi anaangalia Rutshuru," alisema Mama Béné.

Henriette alinishika kiunoni.

Padri alipokuwa anakaribia, nilimnong'oneza Mama Béné, "Atamwombea Bénédicte. Haitakusumbua?"

"Siye hatuombeaka wafu, mama. Batu wetu biko na Bwana tayari. Miye nitashukuru tu."

"Basi shukuru, na mi niombe."

"Mungu atachambua," alisema, na Henriette akashindwa kuzuia kicheko.

Padri alituuliza majina. Mimi nilisema, "Bénédicte, mutoto wa huyu mama." Na kabla sijafunga mdomo, sauti ya Masisi ikasema kando yangu, wazi kabisa, "Na Adalbert, muzee wa huyu." Maji yakaanguka upande wa mbele wa msalaba na upande wa nyuma.

Huko Rutshuru, pembeni mwa shamba nisilolijua, labda kuna mama anayekuta mawe yaliyopangwa kwa haraka na kuyazunguka anapolima. Labda anang'oa majani. Labda amemwita mume wangu kwa jina la mtu wake aliyempoteza. Sijui, na huenda sitajua hapa duniani. Namwombea huyo mama kila Jumamosi.

Watu walipoanza kushuka, nilikumbuka kwamba maua hayajapata maji. Mama Béné alikwisha kuinama kwenye ndoo. Alichota, akanyoosha mkono, akanipa kikombe kikiwa kimejaa, akinigeuzia upande wenye uzi mwekundu nisijimwagie.

"Mwaga weye," alisema. "Weye ndiye unajua kipimo."